Bonge la Udongo wa Dobi

Siku Dobi alipokuja kuomba shamba la kukodi, Mama Mizani alimpokea bila kuinuka kwenye gunia la vitunguu alilokalia. Alianza kumpima kutoka chini, kama alivyompima kila mtu. Viatu: safi mno kwa mtu asiye na kazi. Suruali: imepigwa pasi hadi mstari wake ungekata karatasi. Mikono ndiyo iliyotoa habari. Vidole vilikuwa vimepasukapasuka kwa miaka ishirini ya sabuni kali na maji ya moto.

"Nimesikia una shamba kule kijitoni, dada," alisema Dobi. "Nataka kipande."

"Wewe si ndiye uliyekuwa unafua pale kona?"

"Nilikuwa. Wamefungua duka la mashine ng'ambo ya barabara. Nguo zinaingia chafu zinatoka kavu, na mwenye nguo hata hasalimiwi."

"Sasa dobi na jembe, wapi na wapi?"

"Najifunza. Kuna darasa la kilimo kila Alhamisi."

Mama Mizani alicheka hadi gunia likatikisika. Kujifunza kulima! Yeye alijifunza kulima kama alivyojifunza kuuza: kwa kupigwa na hasara mpaka hasara yenyewe ikachoka. Alianza na sinia moja la nyanya kichwani, nyanya za kukopa, mumewe akiwa amekwenda kutafuta maisha na asirudi nayo. Miaka kumi na tisa baadaye alikuwa na kibanda chenye bati, mizani ambayo hakuna aliyethubutu kuibishia, na shamba la kununua, hati mkononi. Hakufundishwa na mtu, na hakuona kwa nini amfundishe mtu.

Akampeleka Dobi shambani siku hiyohiyo na kumwonyesha kipande cha juu kando ya njia. Vibarua walikiita Kipara. Mvua iliteleza juu yake kama juu ya sakafu, na jua likiwaka kilipasuka. Mbolea ya chumvichumvi alikwishamwaga humo misimu na misimu. Kabichi zilizotoka zilikuwa za kuhurumiwa.

"Udongo mzuri huu," alisema bila kupepesa jicho. "Umepumzika."

Dobi aliinama, akajaribu kuchomeka kidole. Kidole kilikataa. "Umepumzika, dada, au umezirai?"

"Unataka hutaki?"

"Nataka."

Na hakubishana bei! Hilo lilimkera Mama Mizani kuliko kama angebishana mpaka magharibi. Kwa hofu kwamba mtu huyu atalima msimu mmoja, akione Kipara kwa macho yake kisha akimbie, alimfunga kwa mkataba wa miaka mitatu, akamtwisha na kazi ya kuzibua mtaro. Dobi alitia sahihi. Aliomba kitu kimoja tu: yale majani ya kabichi, maganda na nyanya zilizooza ambazo kibanda kilitupa kila jioni.

"Takataka? Chukua zote! Utanipunguzia ujira wa mzoa taka."

Aliporudi sokoni alimwambia mdogo wake, aliyemsaidia kuuza, "Leo nimekodisha sakafu kwa mfua nguo."

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kicheko. Dobi alirundika zile takataka tabaka kwa tabaka: majani mabichi, nyasi kavu, samadi kidogo, maganda ya mayai aliyoyaomba jikoni hospitalini na kuyatwanga. Alinyunyiza maji, akafunika, akachomeka kijiti katikati. Kila siku mbili tatu alikichomoa, akakigusa kwa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alipanda kunde, na kunde zilipostawi na kutoa maua, badala ya kungoja avune, alizikata zote akazilaza chini zioze. Vibarua walimwita Daktari wa Majani. Mama Mizani alisimama kwenye tuta la mpaka, mikono kiunoni, akastarehe.

Mwaka wa pili kicheko kilianza kukauka koo. Mvua kubwa ilipokuja, maji ya shamba la Mama Mizani yalitiririka mtaroni yakiwa mekundu, yamebeba udongo na mbolea ya dukani aliyoiweka juzi tu. Ya Kipara hayakutoka. Yalizama. Jua lilipofuata, kabichi zake zililala saa sita mchana. Spinachi ya Dobi, imetandaziwa nyasi mpaka shingoni, ilisimama wima kama inasubiri kupigwa picha. Na vidukari waliomlazimisha kupulizia dawa kila wiki, kwa Dobi walikuwapo, naam, lakini wachache, wakiliwa polepole na vidudu vyekundu vyenye madoa ambavyo yeye kwake alikwishaviua pamoja na vidukari.

Akabadilisha njia. Zamani alipita chini, kando ya mtaro. Sasa alipita juu, kando ya Kipara, kila asubuhi, na kila asubuhi alijiambia kwamba njia ya juu haina tope.

"Unakwenda kukagua nini huko?" mdogo wake alimuuliza.

"Shamba langu."

"Shamba lako liko kushoto, dada. Shingo yako imegeukia kulia."

"Zile ni takataka zangu!" Mama Mizani alifoka. "Majani yangu, maganda yangu, ardhi yangu. Ile spinachi nusu ni yangu!"

"Mfukuze basi."

Asingeweza. Miaka mitatu ilikuwa kwenye mkataba, na mkataba aliuandika mwenyewe. Kila alipoukumbuka alihisi kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba kwa kufuli yake mwenyewe.

Pigo lilikuja kutoka jikoni. Kwa miaka tisa Mama Mizani ndiye aliyelisha jiko la hospitali, na jina lake lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa jiko: MBOGA, halafu yeye. Wateja wengine walikuja na kwenda; jiko lilikula kila siku ya Mungu. Ndilo lililoezeka kibanda na kununua shamba. Asubuhi moja Mpishi Mkuu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, alimwita kando ya masufuria.

"Mama, tusidanganyane. Mboga zako zikifika saa nne zimelala kuliko wagonjwa wangu."

"Ni jua."

"Jua la Dobi ni lipi? Juzi nilinunua mafungu mawili kwake, yale majani yamekaa mpaka kesho yake yakiwa bado na kiburi. Tena hayanuki dawa."

"Dobi ni mpangaji wangu."

"Basi jifunze kwa mpangaji wako. Mwisho wa msimu nitakuja huko shambani kwa miguu yangu. Mwenye mboga nzuri ndiye nitakayemwandika mlangoni. Jina moja. Sitaki mbili."

Mama Mizani alirudi sokoni akapima vitunguu bila kubishana na mteja, jambo lililowatisha majirani. Jifunze kwa mpangaji wako! Amfuate yule mtu wa pasi, amwambie naomba unifundishe, ndugu, mimi niliyekukodishia sakafu? Afadhali aende kwa yule aliyemfundisha. Akauliza Alhamisi darasa linafanyika wapi, na akaulizia mbali, kwa mtu asiyemjua.

Lilifanyika katika chuo cha useremala, chumba cha nyuma, kati ya madawati ya kukatia mbao. Sakafu ilikuwa na vumbi la randa. Watu kama kumi na watano: mstaafu wa posta, mama mwenye bustani ya mabeseni, vijana wawili wa ushirika, na Dobi, mstari wa mbele, kola imenyooka. Bibi Shamba aliyefundisha alikuwa mwanamke mfupi mwenye kucha nyeusi kwa udongo na asiyezionea haya. Siku hiyo Mama Mizani alisikiliza tu, ameketi karibu na mlango. Alisikia kwamba udongo una njaa na kiu kama mtu, kwamba kuuacha wazi ni kumweka mtoto juani, kwamba zao moja mahali pamoja kila msimu ni kumkaribisha mdudu na kumwonyesha kitanda. Alichoshangaa ni kwamba hakuna aliyefunga mlango. Siri ya Dobi ilitolewa bure, kwa sauti, madirisha wazi.

"Alhamisi ijayo," alisema Bibi Shamba, "kila mtu aje na bonge la udongo wa shamba lake, kubwa kama ngumi. Tutalitia ndani ya maji tulitazame. Hapo nitamwambia kila mmoja afanye nini msimu huu. Mimi sitibu mgonjwa nisiyemwona."

Wiki hiyo Mama Mizani alichimba bonge kutoka shambani kwake. Lilikuwa kavu, jepesi, na lilimwaga unga kiganjani. Alilitazama kama nyanya iliyobonyea. Miaka kumi na tisa alikuwa amepanga nyanya kwenye sanduku, na alijua kila mchuuzi anachojua: inayoonekana juu ndiyo inayouza sanduku zima. Alipeleke hili mbele ya Dobi?

Mchana, Dobi alipokuwa amekwenda hospitalini na mafungu yake, alivuka tuta. Mguu ulizama. Alisimama akaukanyaga tena, polepole, kana kwamba amekanyaga godoro la mtu. Hapa ndipo jembe lilipokuwa likiruka na kumuumiza mabega! Akafukua nyasi, akaingiza vidole, vikaingia hadi kwenye viungo vya vidole bila kulazimishwa. Akatoka na bonge jeusi, lenye harufu ya mvua, na mnyoo ukijikunja pembeni. Wivu ulimshika hapo. Ardhi ilikuwa yake kwa hati, na ilikuwa imemfungukia mtu mwingine. Akalifunga bonge kwenye gazeti.

Alhamisi, glasi zilipangwa juu ya dawati. Bonge la mstaafu wa posta liliyeyuka likawa uji. La vijana wa ushirika likabomoka nusu. La Mama Mizani likakaa. Dakika moja, mbili, tano. Maji yakabaki maangavu, bonge limekaa chini kama sabuni ya mche.

"Haya, tazameni!" Bibi Shamba alipiga makofi. "Mama, umefanya kazi. Huu ni udongo wa miaka miwili mitatu ya mboji."

"Tunajitahidi," alisema Mama Mizani.

Dobi aliinama karibu na glasi. Ndani ya weusi ule kulikuwa na vichembe vyeupe vya maganda ya mayai, yaliyotwangwa kwa mkono. Alivitazama, akamtazama Mama Mizani, akarudi kukaa.

"Kwako wewe maagizo ni mepesi," Bibi Shamba akaendelea. "Mbolea ya dukani acha kabisa. Usilime, utawasumbua minyoo bure. Chimba mashimo, panda, tandaza nyasi. Mboji usiongeze msimu huu. Udongo huu una akiba, uachie ufanye kazi."

Mama Mizani alifuata kila neno. Hapo ndipo palipokuwa na msiba: mtu aliyekuwa akipuuza maagizo ya kila mtu, haya aliyafuata kama dawa ya daktari. Akawazuia vibarua kulima. Akachimba mashimo kwa sururu, maana jembe halikuingia. Akapanda kabichi, akatandaza nyasi kavu, akaketi kungoja muujiza. Udongo wake haukuwa na akiba yoyote; ulikuwa umeishi kwa mkopo wa dukani, na mkopo umekatwa siku moja. Miche ilisimama, ikafikiri, ikaanza kuwa ya njano kuanzia majani ya chini.

Katikati ya msimu Dobi alikuja kibandani, ameshika kofia.

"Dada, nilitaka tuzungumze habari za shamba."

"Mkataba unaisha mwakani. Sina cha kuongeza."

"Si hivyo, ni..."

"Ndugu, unazuia wateja."

Akaja tena wiki iliyofuata. Safari hii Mama Mizani alimwona akiwa mbali, akaingia nyuma ya kibanda na kumwachia mdogo wake aseme hayupo. Viatu vyake vilionekana chini ya pazia.

Mpishi Mkuu alifika mwisho wa msimu akiwa na mwavuli wa kuzuia jua. Mama Mizani alikuwa ameamka mapema. Vichwa vichache vya kabichi vilivyonenepa, karibu na mtaro ambako tope la mvua hukusanyika, aling'oa na mizizi na udongo wake akaja kuvipanda kando ya njia. Mpishi Mkuu alitazama mstari wa mbele, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha, kwa kuwa naye amenunua masanduku mengi ya nyanya maishani mwake, aliinua kanzu yake nyeupe ya kazi akaingia katikati ya shamba. Huko ndani kabichi zilikuwa ngumi za mtoto.

"Mama," aliita kutoka ndani, sauti nyembamba ikipaa, "huku mbele kuna arusi, huku nyuma kuna matanga!"

Vibarua waligeuza nyuso. Mpishi Mkuu akavuka kwenda Kipara, akabonyeza, akanusa, akala jani moja bichi amesimama. "Nitaandika Dobi," alisema. Halafu akahesabu matuta kwa kidole, na kidole kikaisha haraka. "Lakini sikiliza, bwana. Wagonjwa mia mbili hawali sifa. Hiki kipande kitanilisha siku mbili kwa wiki. Mboga za siku zilizobaki utatoa wapi? Nipe jibu kabla ya Jumatatu, la sivyo natafuta mtu wa mji wa pili."

Alipoondoka na mwavuli wake, walibaki wawili, tuta katikati.

"Furahi," alisema Mama Mizani.

"Sijafurahi. Lile bonge lilikuwa langu, dada."

Uso wa Mama Mizani ulipata moto. "Ulijua?"

"Nimeyatwanga mwenyewe yale maganda."

"Ulijua ukaniacha nipande njaa msimu mzima?"

"Ulitaka nikuseme mbele ya darasa? Mimi nimefua nguo za mji huu miaka ishirini. Nimeona madoa ya kila aina, na hakuna aliyewahi kusikia doa la nani ni la nani. Dobi akisema, kazi imekwisha."

"Ungeniambia pembeni!"

"Nilikuja mara mbili. Mara ya pili nilizungumza na viatu vyako."

Mama Mizani alivitazama viatu vyake mwenyewe. Alitazama Kipara, akatazama shamba lake, kubwa mara sita na la njano. Maumivu hayakupungua hata punje. Lakini jicho la biashara halijui kulia muda mrefu, na jicho hilo lilikuwa limeshaona kitu: Dobi naye alikuwa akitazama lile shamba la njano, na alikuwa akilitazama kwa tamaa.

"Una udongo, huna nafasi," alisema.

"Na wewe una nafasi."

"Nusu ya shamba langu, kwa namna yako. Usafirishaji juu yangu, vibarua juu yangu. Jina mlangoni liwe langu."

"Jina langu," alisema Dobi.

"Majina mawili."

"Mpishi amesema moja." Kisha yule mtu ambaye hakubishana kodi ya Kipara alibishana. Alibishana kwa upole, akikunja vidole vyake vilivyopasuka kimoja kimoja. Miaka miwili hakuna jembe la kugeuza udongo bila yeye kuruhusu. Hakuna dawa ya kupulizia. Msimu wa kwanza wote ni kunde na mboji, halivunwi hata jani, kabichi zitanunuliwa kwa wanadarasa wenzake ili jiko lisilale njaa. "Na Alhamisi ijayo," alimalizia, "uje na bonge lako."

"Hilo halimo kwenye biashara!"

"Ndilo la kwanza. Bila hilo Bibi Shamba atatibu shamba gani?"

Walikubaliana jua likiwa limeshuka begani, baada ya Mama Mizani kuondoka mara tatu na kurudi mara tatu. Alhamisi bonge lake lilitiwa kwenye glasi, na kabla Bibi Shamba hajavuta kiti likawa maziwa ya kahawia. Mstaafu wa posta alikohoa. Bibi Shamba alimtazama mwanamke huyu ambaye udongo wake ulikuwa umezeeka miaka hamsini katika msimu mmoja, akaelewa, akachukua kalamu. "Sasa tunaweza kuanza," alisema, na akamwandikia karatasi mbili, mbele na nyuma.

Huo ulikuwa mwaka juzi. Nyuma ya mlango wa jiko la hospitali, karatasi inasema MBOGA, halafu Dobi, na aliyeibandika ni Mama Mizani mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayepeleka mzigo. Aliibandika imepinda kidogo. Amepoteza jina la miaka tisa, na ruhusa ya kugusa nusu ya shamba lake bila kuuliza. Amepata matuta sita ambamo kidole sasa kinaingia hadi kiungo cha pili. Hupima kila Jumamosi. Dobi amepata nafasi aliyoitaka, na amepoteza utulivu wake wote. Kabla hajachomoa kijiti cha mboji kupima joto, Mama Mizani yuko juu ya tuta akimuuliza kwa nini minyoo ya upande ule imenenepa kuliko ya upande huu, na nani ameipendelea. Watu wa sokoni wakimsifu Dobi mbele yake huwajibu, "Naam, anajitahidi," kisha hupima vitunguu vyao bila huruma.

Bado hupita njia ya juu kila asubuhi. Hutazama matuta ya Dobi kwanza, halafu yake. Wiki iliyopita spinachi yake ilizidi ya Dobi kwa jani moja. Hakumwambia Dobi chochote. Lakini ilipofika saa tatu, soko zima lilikuwa na habari.